Wasomaji Wauliza: Bastola za Ishara na Risasi Zake

Katika toleo lililopita tulichapisha picha ya bastola ya ishara ya Kiingereza, ile fupi yenye mtutu mpana wa shaba ya manjano, tukaeleza kwamba kazi yake ilikuwa kurusha mwanga wa rangi angani. Barua zilizotufikia kutoka Unguja na Pemba zinaonyesha kwamba vitu hivi bado vimo masandukuni na madukani kwetu. Tumezichagua chache, na tumezifupisha pale ilipobidi.

Assalaam aleykum Maalim. Babu yetu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King’s African Rifles, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alipofariki tulikuta kashani mwake bastola nzito ya shaba pamoja na risasi tatu nene za karatasi ngumu zenye kitako cha shaba. Vijana wa nyumbani wanataka kuzipiga siku ya Idi, na ami yangu anasema tukazitose baharini. Mimi ningependa tuziweke kwa kumbukumbu ya mzee. Lipi sahihi? (Msomaji, Wete)

Wa aleykum salaam. Mwenyezi Mungu amrehemu babu yenu. Naomba kwanza mtenganishe mambo mawili ambayo barua yako imeyafunga pamoja, maana bastola ni kitu kimoja na risasi zake ni kitu kingine kabisa. Bastola inaweza kuhifadhiwa, kwa taratibu nitakazozitaja. Risasi ambazo hazijapigwa hazifai kukaa ndani ya nyumba hata siku moja zaidi ya ile inayohitajika kuwaita wanaohusika.

Ndani ya risasi ya ishara mna vitu vitatu. Kitakoni mna fataki, yaani kile kidonge kidogo kinachowaka kinapogongwa. Juu yake mna baruti nyeusi ya kuisukuma shehena itoke. Na juu ya baruti mna nyota yenyewe, ambayo ni unga wa magnesiamu na chumvi za madini ulioshindiliwa mpaka ukawa mgumu. Vyote vitatu huharibika kwa miaka, na hakuna hata kimoja kinachoharibika kwa namna ya kuleta amani. Fataki za zamani mara nyingi zilitengenezwa kwa mchanganyiko wa zebaki, na zebaki huidhoofisha shaba inayoizunguka. Baruti ikipata unyevu husukuma kwa nguvu ndogo, hivyo nyota huweza kukwama mtutuni ikiwaka, au kutoka kwa uvivu na kuanguka miguuni mwa aliyeipiga. Magnesiamu huwaka kwa joto la karibu nyuzi 3,000 za Selsiasi na haizimwi kwa ndoo ya maji, kwa sababu moto wake huinyang’anya maji oksijeni na kuendelea. Katika kijiji chenye mapaa ya makuti, naamini sina haja ya kuendelea na maelezo. Vijana waambiwe kwa upole lakini waambiwe wazi: risasi hizo hazipigwi, si Idi wala siku nyingine yoyote.

Shauri la ami yako nalo limetolewa kwa nia njema, lakini halifai. Maji hayaiui risasi kama watu wanavyodhani. Baruti iliyoloa huweza kuwaka tena ikikauka, na magnesiamu ikikaa na unyevu hutoa gesi ya haidrojeni, ambayo ndani ya ganda lililozibwa haina pa kupita. Zaidi ya hayo, kinachotoswa hapa kwetu hurejea ufukoni au huingia wavuni, na anayekiokota mara nyingi ni mtoto.

Ziacheni zilipo, ikiwa hapo ni baridi, ni mbali na jiko na watoto hawafiki. Msizichokoe, msizifungue, wala msizipakie kwenye daladala kuzipeleka kituoni. Mwambieni sheha na mtoe taarifa kituo cha polisi, mkiomba wao waje na wataalamu wao wa milipuko. Kabla hawajafika, unaweza kuzipiga picha zikiwa pale pale: rangi ya karatasi, maandishi ya ubavuni, alama za kitakoni. Kwa mkusanyaji wa kweli, picha hizo na maelezo yake ndizo sehemu yenye thamani, na thamani hiyo haipungui baruti ikiondoka.

Bastola nayo itajwe katika taarifa hiyo hiyo. Silaha haimilikiwi nchini bila leseni, na aliyekuwa na ruhusa akifariki, mrithi hairithi ruhusa hiyo pamoja na kasha. Ulizeni rasmi, na kwa maandishi, kama inawezekana iharibiwe uwezo wa kupiga na fundi anayetambuliwa kisha ibaki kwenu, au ikabidhiwe makumbusho kwa jina la babu yenu. Wakati mnasubiri jibu, kaeni na wazee mwandike kila wanachokumbuka: alikuwa kikosi gani, namba yake ya jeshi, alipelekwa wapi. Askari wengi wa Keya walifika Burma katika Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki na kupigana katika bonde la Kabaw mwaka 1944. Kama babu yenu alikuwa miongoni mwao, bastola bila karatasi hiyo ni chuma tu.

Nimeonyeshwa katika duka moja la Mji Mkongwe bastola ya ishara ambayo muuzaji anasema ni ya vita vya 1896, siku Waingereza walipolipiga jumba la Sultani. Ubavuni imeandikwa Webley & Scott, kuna mshale mdogo, na namba 1917. Bei yake ni kubwa. Ninunue? (Msomaji, Shangani)

Vita unavyovitaja vilipiganwa tarehe 27 Agosti 1896 na vilimalizika kwa muda usiofika saa moja. Jina la Webley & Scott halikuwapo siku hiyo. Kampuni hiyo iliundwa mwaka 1897, nyumba mbalimbali za utengenezaji wa bunduki za Birmingham zilipoungana, kwa hiyo hata pasingekuwa na tarehe yoyote, jina peke yake lingetosha kuiangusha hadithi ya muuzaji. Namba 1917 nayo ni mwaka wa kutengenezwa, na mwaka huo mahitaji ya bastola za namna hii katika mahandaki ya Ufaransa yalikuwa makubwa sana.

Hata hivyo sisemi kwamba kitu chenyewe ni cha uongo. Bastola halisi ya 1917 ni kumbukumbu nzuri ya vita vyake yenyewe, na ingestahili kuuzwa kwa hadithi yake, si kwa hadithi ya kuazima. Mshale ulioutaja ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza. Tazama vizuri kama kuna mishale miwili iliyoelekezana ncha kwa ncha, kwani hiyo ni alama ya kwamba kitu kilitolewa jeshini na kuuzwa kwa raia kihalali. Angalia pia kama namba ya mtutu na namba ya kiwiliwili zinafanana; zikitofautiana, sehemu moja ilibadilishwa, na bei ishuke.

Kipimo cha mdomo wa mtutu husema mengi kuliko mdomo wa muuzaji. Za Kiingereza za askari wa nchi kavu zilikuwa na kipenyo cha inchi 1, na baadaye zikaja za inchi 1 na nusu kwa ajili ya ndege, zilizotengenezwa ili zishikizwe katika tundu la ubavu wa ndege. Za Kijerumani ni za takriban milimita 26.5; zile za kampuni ya Walther, zilizotoka mji wa Zella-Mehlis, zilianza kwa chuma cha pua, zikaja za aluminiamu, na mwishoni mwa vita, vifaa vilipoadimika, hata za zinki. Wamarekani walikuwa na M8 ya milimita 37 kwa ndege zao. Warusi walitumia ya milimita 26 iliyobuniwa na Georgy Shpagin, yule yule aliyeunda bunduki ya rashasha ya PPSh-41.

Tahadhari hiyo hiyo ichukuliwe kwa bastola zinazodaiwa kutoka manowari ya Pegasus, iliyozamishwa hapa bandarini na manowari ya Kijerumani Königsberg alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914. Makaburi ya mabaharia wake yako kisiwani Chapwani, na kwa kuwa tukio linajulikana, ni rahisi kulifungamanisha na kitu chochote cha shaba. Pasipo karatasi, au angalau jina la ukoo uliokitunza kitu hicho tangu siku zile, lichukulie dai hilo kama halikusemwa. Na kabla hujatoa fedha, muulize muuzaji kibali chake cha polisi. Akisita, ondoka.

Mimi ni mwalimu wa historia. Nani aliyebuni ishara hizi, na rangi zake hupatikanaje? (Mwalimu, Chake Chake)

Nashukuru kwa swali hili, kwa sababu jina linalotajwa kila mara ni la Edward Very, ofisa wa jeshi la majini la Marekani ambaye mwaka 1877 alileta mfumo wa risasi za rangi zinazopigwa kwa bastola, na ndiyo maana hadi leo mabaharia wengi huziita bastola za Very. Alistahili sifa. Lakini kabla yake alikuwapo mwanamke ambaye wanafunzi wako wanapaswa kumjua.

Martha Coston wa Marekani alifiwa na mumewe, Benjamin Franklin Coston, mwaka 1848, akiwa bado kijana na ana watoto wa kulea. Katika karatasi za marehemu alikuta maelezo ya ishara za moto kwa ajili ya meli usiku, lakini yalikuwa mawazo tu, hayakuwa kitu kinachofanya kazi. Akaifanya kazi hiyo kwa takriban miaka kumi pamoja na mafundi wa fashifashi, akitafuta rangi zinazong’aa na kutofautika kwa mbali, hadi zilipopatikana nyeupe, nyekundu na kijani. Hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, ya mwaka 1859 ilitolewa kwa jina la mumewe, yeye akitajwa kama msimamizi wa mirathi. Jina lake mwenyewe lilikuja katika hataza nyingine ya mwaka 1871. Meli za Marekani zilitumia ishara zake katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, zilipokuwa zikizifungia bandari za Kusini. Zake zilishikwa mkononi zikiwaka. Alichoongeza Very ni kuzirusha juu, zionekane kutoka mbali zaidi.

Kuhusu rangi, ni kemia ambayo mwenzako wa sayansi anaweza kuieleza ubaoni pasipo kuwasha chochote. Chumvi za strontiamu hutoa wekundu, za bariamu hutoa kijani, za sodiamu hutoa manjano, na magnesiamu yenyewe hutoa weupe mkali. Buluu ndiyo ngumu. Rangi hizo zilikuwa lugha kamili: doria inayorejea usiku ilijitambulisha kwa nyota isipigwe na wenzake, na ndege za kijeshi zilikuwa na rangi za siku zilizobadilishwa kila mara ili adui asizijue. Lugha hiyo haijafa. Mpaka leo, katika sheria za kimataifa za usafiri wa anga, mwanga mwekundu unaorushwa kutoka uwanja wa ndege humwambia rubani asitue kwa wakati huo, hata kama aliruhusiwa awali. Wakusanyaji pia hupenda kuonyesha kwamba vitako vya risasi nyingi vilikerezwa pembeni au kuachwa laini kwa utaratibu maalumu, ili askari aitambue rangi kwa kidole gizani.

Nina bastola ya ishara iliyokwisha kuharibiwa uwezo wake, kwa kibali, na maganda matupu kadhaa. Shaba inaota kutu ya kijani kila masika. Nisugue kwa ndimu na majivu kama tunavyosugua mabirika? (Msomaji, Mkoani)

Usifanye hivyo, nakuomba. Ndimu ni asidi na majivu ni msasa. Birika halina la kupoteza, lakini bastola ina alama ndogo zilizogongwa miaka mia iliyopita, na kila msuguo huzipunguza. Dawa za madukani za kung’arishia shaba nazo nyingi zina amonia, na amonia ndiyo adui mbaya kuliko wote wa maganda ya risasi. Katika karne ya 19, jeshi la Uingereza huko India liliona maganda ya shaba yakipasuka yenyewe majira ya mvua, hasa yaliyohifadhiwa kwenye mazizi ya farasi. Baadaye ilibainika kwamba amonia itokanayo na mikojo ya farasi, ikichanganyika na unyevu, huipasua shaba ambayo bado ina mkazo wa kutengenezwa kwake. Visiwani kwetu unyevu upo mwaka mzima na chumvi imo hewani, hivyo msiongezee la tatu.

Futa kwa kitambaa laini cha pamba kilichotiwa mafuta mepesi ya mashine, kisha ukaushe vizuri na upake nta nyembamba isiyo na asidi. Kutu ya kijani iliyo ngumu ilainishwe kwa mafuta kwa siku nyingi na kuondolewa kwa kijiti cha mti, kamwe si kwa chuma. Mafuta ya nazi yasitumike, kwani yakichacha hutoa asidi. Kama bastola ina ala yake ya ngozi, viweke mbalimbali; ngozi ya zamani ndiyo inayozaa ile nta ya kijani unayoiona katika mikunjo. Weka ndani ya sanduku lenye mfuniko wa kubana pamoja na vifuko vya kukausha unyevu, na uvibadilishe kabla masika hayajaingia. Usishike shaba kwa mikono mitupu: alama ya kidole hubaki.

Rangi ya kahawia iliyotulia juu ya shaba si uchafu. Iache.

Nitajuaje ganda ni tupu kweli? Muuzaji anasema fataki ikiwa na kishimo, imeshapigwa. (Msomaji, Bububu)

Kishimo kinaonyesha tu kwamba fataki iligongwa. Risasi nyingi za zamani ziligongwa zikakataa kuwaka, na hizo ndizo za kuogopwa zaidi. Ganda tupu ni lile unaloona ndani yake mpaka chini, kwa macho yako. Lililozibwa mdomo lihesabiwe kuwa zima.

Liko jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi. Wajerumani waliigeuza bastola yao ya ishara kuwa silaha ya vita: mtutu ukatiwa mifuo, yaani michirizo ya ndani ya kuizungusha risasi, ikagongwa herufi Z upande wa kushoto, na ikatengenezewa vibomu vidogo vya kulipuka. Kwa hiyo kitu kinene kilichoandikwa Kijerumani huenda si mwanga hata kidogo. Usikipokee, usikipime uzito mkononi, na mwenye duka aambiwe.

Sisi ni wavuvi. Tuna bastola ya zamani ya meli na tumepata risasi zinazoingia. Je, zinatufaa kwa kuomba msaada baharini? (Wavuvi, Kojani)

Hazifai. Nyota ya bastola ya zamani huwaka kwa sekunde chache tu na kutoweka, na aliyeko mbali akiinama kuvuta wavu hataiona. Ishara za baharini za sasa zimewekewa viwango vya kimataifa. Roketi ya mwavuli hupanda hadi mita 300 na kuwaka kwa sekunde 40 ikishuka polepole. Mwenge wa mkononi huwaka kwa dakika moja. Na moshi wa rangi ya chungwa, kwa ajili ya mchana, hutoka kwa dakika tatu. Kila kimoja kina tarehe ya kuisha muda iliyochapishwa ubavuni, kwa kawaida miaka mitatu hivi tangu kutengenezwa, na tarehe hiyo iheshimiwe. Baada ya kuzama kwa meli za Spice Islander mwaka 2011 na Skagit mwaka 2012, hakuna nyumba Unguja na Pemba inayohitaji kuelezwa thamani ya kuonekana mapema.

Na neno “zinazoingia” limenitia hofu. Risasi kuingia mtutuni si dalili kwamba ndiyo yake. Kuna ya milimita 37 na ya 38, kuna ya milimita 25.4 na ya 26.5, na kuna watu wanaothubutu kutia risasi ya marisau katika bastola ya ishara, ambayo mtutu wake haukutengenezwa kubeba nguvu hiyo. Hupasuka mkononi mwa mpigaji. Nendeni Mamlaka ya Usafiri Baharini au KMKM (Kikosi Maalum cha Kuzuia Magendo) mkaulize vifaa vya kisasa vinavyofaa chombo chenu na mahali pa kuvipata, na kuhusu hivyo mlivyonavyo, fanyeni kama nilivyomshauri msomaji wa Wete.

Kijana wangu yuko ng’ambo na ameona bastola hizi zikiuzwa mtandaoni bila masharti. Anaweza kunitumia moja pamoja na risasi kadhaa za kupamba? (Msomaji, Kiembe Samaki)

Kwamba kitu kinauzwa kwa uhuru kule hakukifanyi kiwe huru hapa. Marekani, kwa mfano, mwenye mashua hununua bastola ya ishara dukani kama anavyonunua boya, lakini anayeipokea Zanzibar atasimama mbele ya forodha na polisi na kuulizwa leseni. Risasi zenyewe zimo katika kundi la milipuko, hazipandi ndege katika mzigo wa abiria wala hazitumwi kwa posta, na anayezificha katika kifurushi anawahatarisha abiria wasiojua lolote. Hilo asilifanye kwa hali yoyote.

Kama nia yako ni mkusanyo, anza na visivyo na moto: maganda matupu yaliyokatwa tundu ubavuni, masanduku ya mbao na ya bati yenye maandishi ya jeshi, ala za ngozi, vitabu vya maelekezo ya ishara, picha za askari wakiwa nazo. Hata hivyo, kwa maganda pia pata kwanza jibu la polisi kwa maandishi, kwani ofisa wa forodha hana njia ya kujua kwa kutazama tu kwamba ndani hamna kitu. Kwa bastola yenyewe, iwe imeharibiwa uwezo na cheti chake kiwepo, peleka barua ya maombi polisi, Ziwani, ukiambatanisha picha, kipimo cha mtutu, namba na nakala ya cheti, na kijana asilipe chochote mpaka jibu liwe mkononi mwako.